Hesabu ya Kunywa

Butiama,
12 Julai 2025

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo Baba, na shikamoo nyingine mfikishie Mama. Mimi ni mzima, mafua niliyokuja nayo yamekwisha, na naomba Mungu barua hii ikukute pale Mukendo umekaa kwenye kigoda chako unakunja bati, si kitandani kwa ajili ya mgongo. Na Mama, sukari yake ikoje? Anapima, au anasema tu anajisikia vizuri?

Najua utanicheka, mtu mwenye simu ya kioo kuandika kwa kalamu. Lakini nikikupigia unajibu "Ee? Ee?" mpaka salio linakata, na meseji unasema herufi zake ni ndogo kama chawa. Nyundo zimekula masikio yako, Baba, basi tuandikiane. Gody amekubali kubeba bahasha kwenye Noah yake kila anapokuja huku.

Kazi nimeipenda kuliko nilivyotegemea. Mradi unaleta maji ya ziwa kwa bomba mpaka vijiji hivi vya ndani, na mimi ndiye mdomo wa Injinia Wei. Yeye hajui Kiswahili zaidi ya "pole pole" na "chai". Nimepewa miezi mitatu ya majaribio, baada ya hapo ataandika ripoti, na ripoti ndiyo itakayosema nabaki au nafunga mizigo. Nimepanga chumba kwa dada mmoja anaitwa Selestina. Baba mkwe wake ni Mzee Ryoba, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote hapa, na akikohoa kijiji kizima kinageuka.

Siku naondoka uliniuliza Kichina kina ugumu gani, nikakujibu "kigumu tu" kwa sababu gari lilikuwa linaondoka. Leo nina nafasi, ngoja nikueleze kitu kimoja tu.

Wenzetu hawa hawahesabu vitu tu, wanahesabu na matendo, na kila namna ya tendo ina kipimo chake kinachofuata nyuma ya kitenzi. Sisi tunasema "mara" tunamaliza. Wao wana ci, ambayo ndiyo mara ya kawaida, halafu inaanza shughuli. Kuna kou, maana yake mdomo: mtu anakunywa kou moja, kama sisi tunavyosema funda. Kuna yan, yaani jicho, ya kutupia macho na kuendelea na safari yako. Kuna tang, ya kwenda na kurudi. Gody akitoka Musoma akafika hapa akarudi, hiyo ni tang moja. Kuna bian, ya jambo ulilolianza mwanzo ukalifikisha mwisho. Ukisoma juzuu ukaishia katikati, bian haijatimia, hata kama umekaa na msahafu asubuhi nzima. Na kuna dun. Mlo ni dun moja, kugombezwa ni dun moja, na kipigo pia ni dun moja. Nilipofundishwa hiyo chuoni Dodoma nilicheka peke yangu, maana kwa Mama vyote vitatu vilikuwa vinatoka jiko moja.

Ninayoipenda zaidi ni xia. Ni kitendo kifupi, kama kugonga mlango. Lakini ukimwambia mtu asubiri, ukatia xia nyuma yake, ile amri inalainika, inakuwa "hebu subiri kidogo basi". Injinia Wei anaitumia kwa vibarua siku nzima na mimi nahangaika kuifikisha kwa Kiswahili bila kuimwaga njiani.

Bado najikwaa. Nikibanwa naweka ci kila mahali, kwa kuwa inaeleweka. Injinia hanicheki. Ananisubiri nimalize, kisha anairudia sentensi yangu ikiwa na neno lake sahihi, taratibu, na anaendelea na kazi. Sijawahi kuona mtu anakusahihisha namna hiyo bila kukuumiza.

Niandikie. Mwambie Mama maziwa ya huku ni mazito, nanenepa.

Mwanao,
Yasmin


Mukendo, Musoma,
19 Julai 2025

Mama yangu Yasmin,

Waalaykum salaam. Marahaba, na Mama yako naye ameitikia marahaba kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia. Sisi wazima. Mgongo unauma ukitaka, ukichoka unaacha. Sukari ya Mama yako haipimwi, umeotea. Nimemsomea maneno yako akasema nikuambie umfundishe kwanza huyo Mchina namna ya kusalimia wakubwa, ya sukari atayashughulikia mwenyewe.

Nimechelewa kujibu kwa sababu shule zimefungua, na kila mzazi amekumbuka siku ya mwisho kwamba mtoto wa bweni anahitaji sanduku. Nimekunja bati mpaka vidole vimekataa kushika kijiko.

Barua yako nimeisoma hiyo bian yako, mwanzo mpaka mwisho, halafu nikairudia. Ya mlo na kugombezwa imenichekesha mpaka Masatu wa baiskeli akaja kutoka banda la jirani kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Unamjua Masatu alivyo mbishi. Akasema hiyo lugha ina mambo mengi, "mara" inatosha, kwani mtu akikupiga utauliza ni kipimo gani? Nikamwambia, Masatu, wewe ukipaka baiskeli rangi unasema umepaka mara mbili au mikono miwili? Nikamwambia tena, dawa unakunywa mara moja au funda moja? Mtoto anachapwa mara tatu au fimbo tatu? Mimi bati hili nalipiga nyundo ngapi kabla halijakaa sawa? Fimbo na nyundo zenyewe ndizo hesabu. Akasema basi na sisi tuna Kichina, akaondoka kwa hasira.

Lakini nikuambie ukweli, mama, hao watu nimewavulia kofia. Sisi maneno hayo tunayo, ila tunayatupa huku na huku, ukitaka unatumia, usipotaka unaacha. Wao wamekaa wakayapanga, kila tendo likapewa la kwake, na hawakuruhusu mtu aseme ovyo. Nimefanya kazi ya mikono maisha yangu yote, na sikujua kwamba kuna lugha inayotazama mikono kwa makini hivyo.

Watu hapa waliniuliza sana Kichina cha nini kwa mtoto wa kike. Nilikuwa nawajibu kwamba ni ajira. Sasa nitawasomea barua yako.

Fanya kazi vizuri. Ripoti hiyo itakuwa nzuri, mimi nimeshaamua.

Baba yako,
Abdulsalam


Butiama,
2 Agosti 2025

Baba,

Assalaam alaykum, shikamoo. Afya yangu ni nzuri, ila moyo hauko sawa, na sitaki kuzunguka.

Nimeharibu kazi. Kwenye mradi, mbali na mabomba ya watu, lilikuwamo birika refu la saruji la kunyweshea ng'ombe. Kiangazi hiki wafugaji wanateremka mpaka kwenye lambo moja lenye matope, ng'ombe wanapigana, ndama wanazama. Wanakijiji wanalitaka birika hilo kuliko hata bomba la jikoni. Injinia Wei naye analitaka. Lakini michoro inafungwa ofisini Bunda mwisho wa mwezi huu, na birika lisilo na hesabu haliingii kwenye michoro. Lazima ajue ni refu kiasi gani na linahitaji maji kiasi gani.

Basi tukaitisha mkutano. Watu walijaa. Injinia akaniambia niulize wafugaji wana ng'ombe wangapi, tuanze na mkubwa wao. Mimi nikamgeukia Mzee Ryoba mbele ya kijiji kizima, kwa sauti yangu ile ya dukani, nikasema, "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Mzee Ryoba alinitazama, akainuka, akachukua fimbo yake akaondoka, na wazee wengine wakainuka nyuma yake. Mkutano ukabaki na wanawake na watoto. Injinia akaniuliza, umemwambia nini? Nikamwambia nimemuuliza ulichosema. Na ni kweli, sikukosea neno hata moja.

Usiku Selestina ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, "Dada, ng'ombe huwa hatusemagi idadi. Ukimtaja kwa hesabu ni kama unamwonyesha kifo mlango. Baba alishakubaligi zamani, walikuja watu na makaratasi wakahesabu zizi zima, mwaka uleule ugonjwa ukapita. Zizi likabaki na kengele tu." Akasema mzee amekula kiapo kwamba hatakaa tena mkutano ambao mimi nipo.

Injinia hakunigombeza. Alisema tu kwamba bila hesabu atalazimika kulifuta birika, na kwamba kwenye ripoti yangu itabidi aandike kilichotokea. Alisema kwa upole, na hiyo ndiyo iliyonitoa machozi.

Nimelilia chooni ili Selestina asinione. Miaka mitatu nimesomea maneno, na siku ya kwanza yalipohitajika nimefukuza wazee. Niambie nifanye nini, au niambie nirudi.

Mwanao,
Yasmin


Mukendo, Musoma,
5 Agosti 2025

Yasmin mama yangu,

Waalaykum salaam. Gody ameleta barua saa ya chakula, nimeacha ugali na sato mezani naandika, kwa hiyo ujue unapendwa, maana huyo sato Mama yako alimkaanga vizuri.

Kurudi usirudi. Hapa utakuja kufanya nini, kushika bati nikipiga? Una mikono laini, utajikata.

Umeuliza kama mtu wa dukani kwa sababu umekulia dukani. Mlangoni kwetu neno la kwanza ni "ngapi". Masanduku mangapi, bati ngapi, bei ngapi. Ni mimi niliyekulea hapo na sijutii. Lakini jaribu kumuuliza Mama yako ana watoto wangapi. Umewahi kumsikia akitaja? Anasema "tunamshukuru Mungu", halafu anakutazama mpaka unabadilisha mazungumzo. Bibi yako alikuwa hivyohivyo, aliyekupa jina. Akiona mtu ananyoosha kidole kuhesabu wajukuu, anamshusha mkono. Basi huyo mzee si mkorofi wala mshamba, anaogopa kwa ajili ya kitu anachokipenda. Ungemkuta bibi yako kwenye mkutano huo naye angeondoka.

Namna ya kuwarudisha hao wazee mimi siijui. Nikisema naijua nitakuwa nadanganya. Ng'ombe nawajua kwenye sahani. Lakini muulize huyo Selestina, usimuulize Injinia. Na ukienda kwa mzee usiende na maneno mengi, umeshayatumia.

Kula. Mama yako anasema ukilia usilie chooni, kuna hewa mbaya.

Baba yako,
Abdulsalam


Mukendo, Musoma,
14 Agosti 2025

Mama Yasmin,

Salaam nyingi. Gody amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema chumba chako kina kufuli asubuhi na kina kufuli jioni. Mama yako amepiga simu yako inasema haipatikani. Mimi nimekunja sanduku moja leo, kifuniko kimeenda upande, na mteja amelikataa mbele ya Masatu.

Andika hata mstari mmoja. Sema tu uko hai.

Baba yako


Bunda,
18 Agosti 2025

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Niko hai, niko mzima, nanuka ng'ombe. Simu iliangukia kwenye lambo ikafa. Naandikia kwenye stoo ya mabomba hapa Bunda, Injinia anahakiki mzigo na mimi nimepata benchi. Nisameheni kwa kimya, nilitaka nikiandika niwe na la kusema.

Nilimuuliza Selestina kama ulivyoniambia. Akajibu, "Usiende kwa baba. Njoo lamboni." Basi tangu siku hiyo ninaamka naye giza halijaisha, tunateremka na ng'ombe wa nyumba yao. Siku ya kwanza niliogopa pembe. Siku ya pili nilivua viatu. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye matope na kuzuia ndama wasiingie kwenye kina. Sikuuliza kitu, na Mzee Ryoba alipita karibu yangu bila kunisalimia, nikamwamkia, akaitikia puani.

Sasa nisikilize nilichokiona. Ng'ombe hawanywi ovyo. Wachungaji wanawazuia juu ya mteremko, wanaachia kundi moja linateremka, linapanga mstari kwenye ukingo, linakunywa, mbinja inapigwa, linatoka upande wa pili. Halafu kundi linalofuata. Siku moja tunarudi, Selestina akamwambia jirani yake kwa sauti kubwa kabisa, njia nzima ikisikia, "Leo wamekunywa mikupuo saba, juzi ilikuwaga mitano tu."

Nikasimama palepale. Nikamuuliza, mikupuo unataja? Akanishangaa. "Mikupuo si ng'ombe. Ni kunywa."

Baba, nilihisi mwili wote umepata joto. Watu hawa wanahesabu tendo na kumwacha mtendaji kwa amani yake. Ndicho hasa nilichokifurahia siku zote kwenye kile Kichina, na nilikuja huku nikakiacha mlangoni, nikauliza swali la sanduku.

Nilikimbia kwa Injinia Wei na matope yangu. Nikamwambia kwa Kichina kwamba wanakunywa lun saba. Lun ni raundi, kipimo cha jambo linalofanywa na zamu hii, kisha zamu ile. Sikuweka ci, Baba, neno lilitoka lenyewe mahali pake, nyuma ya kitenzi. Akaweka kikombe chini. Akauliza, kila lun inachukua ukingo wa urefu gani, na inakaa muda gani? Nikamwambia twende ukaone.

Akaja alfajiri na mabuti ya mvua. Alikaa mbali juu ya jiwe ili ng'ombe wasimshtukie, mkononi ana saa, hakunyoosha kidole hata kwa mmoja. Walipokwisha kunywa wote akateremka, akapima ukingo kwa hatua zake, akakaa akapiga hesabu zake za maji. Urefu wa birika ukatoka. Ukubwa wa bomba ukatoka. Ng'ombe hakutajwa. Akaniambia hajawahi kuchora birika kwa njia hii tangu aanze kazi, na kwamba ni nzuri kuliko aliyofundishwa, maana inapima kiu yenyewe. Nimemheshimu huyu mtu, Baba. Angeweza kunicheka.

Na Mzee Ryoba alikuwa anatuona. Asubuhi iliyofuata akaja akasimama kando yangu kwenye matope.

"Wewe ndiyo ule wa kuhesabu."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Nani alikufundishaga kuuliza hivyo?"

"Dukani, mzee. Baba yangu ni fundi bati, tunauzaga masanduku."

Akafikiri. "Sanduku halifi," akasema.

Nikamuuliza, naruhusiwa kuuliza wamekunywa mikupuo mingapi? Akasema, "Hiyo uliza hata kesho."

Alhamisi hii, tarehe ishirini na moja, mkutano unarudiwa kwenye uwanja wa shule. Mzee Ryoba hajasema kama atakuja. Wakubwa wa Injinia kutoka ofisi ya hapa Bunda watakuja, na wao hawajui habari za lambo, wanataka kuona wanakijiji wamekubali kwa vinywa vyao. Nikiteleza tena, au mmoja wao akiuliza idadi na mimi nikaipitisha kama bomba, birika limekwenda na mimi nimekwenda nalo. Nikilipindua swali nitakuwa nadanganya, na mkalimani hadanganyi. Inabidi nimweleze kila upande kwa nini upande mwingine unasema unavyosema. Silali vizuri.

Niombeeni dua.

Mwanao,
Yasmin


Mukendo, Musoma,
22 Agosti 2025

Mama yangu Yasmin,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima, na leo sikuulizi hali kwa sababu jana nilikuona kwa macho yangu.

Usishtuke. Kaa kwanza.

Jana asubuhi nilivaa kanzu ya Ijumaa. Nikamwambia Mama yako naenda Bunda kutafuta bati la bei nafuu. Akanitazama juu mpaka chini, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa visheti, akasema, "Wape hao watu wa Bunda." Ndoa ya miaka mingi ni taabu, hufichi kitu. Gody akanipakia mbele.

Nilifika mmeshakaa. Nikajibanza benchi la nyuma kabisa, nyuma ya wanawake, nikashusha kofia. Niliapa usinione, maana nakujua, ungeniona ulimi ungefungamana. Dada mmoja akaniletea maziwa, akaniambia kitu, nikamwambia "Ee?", akasema tena, nikamwambia "Ee?", akacheka akakaa karibu yangu. Nadhani aligundua mimi ni nani, kwa sababu kuanzia hapo kila jambo kubwa lilipotokea alikuwa ananigusa kiwiko. Huyo ni Selestina wako, sivyo? Ana adabu.

Mama, sikusikia neno hata moja. Si Kichina, si Kiswahili. Kwa hiyo sikuandikii mliyosema, nakuandikia niliyoyaona, na macho yangu bado ni mazima.

Niliona mahali pa mzee pako wazi. Kiti kimewekwa, hakuna mtu. Niliona unakitazama kila mara na unajifanya hukitazami. Halafu watu wa mbele wakageuka, na mzee mrefu mwenye fimbo akapita katikati yao akaja akakikalia. Nikamaliza maziwa yote kwa mkupuo mmoja bila kujua.

Yule Mchina mnene, nafikiri ndiye mkubwa wa Bunda, aliinuka akasema kitu kifupi huku ameshika kalamu. Nikakuona umesimama. Hukugeuka upesi kwa wazee. Nikajua ameuliza, ameuliza lile lile. Moyo wangu ulipiga nikausikia, na mimi sisikii. Ukamgeukia yeye kwanza, ukamweleza, mikono yako ikaonyesha mteremko, ikaonyesha kundi linashuka, linatoka, lingine linashuka. Injinia wako akaitikia kwa kichwa kando yako. Ukachukua muda. Yule mnene akashusha kalamu. Ndipo ukawageukia wazee ukainama kidogo ukawaambia. Hukuficha kwamba ameuliza, niliona kwenye nyuso zao, maana zilikaza. Kisha ukaendelea kusema, na zikaanza kulegea moja moja.

Mzee Ryoba akasema maneno marefu. Ulimsubiri mpaka alipofika mwisho, hukumkata hata pale alipopumzika katikati, wengine wote wakidhani amemaliza. Alipomaliza kweli akacheka, ana meno machache huyo mzee, na wazee wote wakacheka naye. Wachina wakawa wanakutazama wewe. Ukawageukia ukasema. Nikahesabu pumzi. Na wao wakacheka, yule mnene akapiga goti lake kwa kiganja.

Nikuambie kitu. Tangu masikio yaondoke nimezoea kukaa mahali watu wanacheka na mimi nabaki na tabasamu la uongo. Jana nilicheka na mimi. Sikujua ni kitu gani, lakini nilikiona kinaingia kwako upande huu na kutokea upande ule kikiwa kizima, na nikacheka mpaka Selestina akanishika mkono. Nimejivunia, mama. Nimejivunia mpaka nikaona haya kwa wanawake wa watu.

Baadaye mliinuka nyote mkaenda ng'ambo ya uwanja, nikafuata kwa mbali. Mzee akatembea peke yake mbele, akasimama, akachomeka fimbo yake ardhini. Injinia akatandaza mchoro chini, akalinganisha, akaita vijana wake. Wakapiga kigingi palepale penye fimbo. Nyundo nne, nilizihesabu kwa macho, na kilikaa sawasawa. Hapo sikuhitaji mkalimani.

Visheti nimemwachia Selestina. Muulize, asije akavimaliza.

Nilikuja nikusalimie, hilo ndilo nililokusudia, nikushike kichwa nikuombee dua mbele ya wenzako. Nikasogea mpaka hatua chache nyuma yako. Nikafungua mdomo nikuite. Mzee Ryoba alikuwa mkono wako wa kulia anakusubiri, Injinia mkono wa kushoto anakusubiri, na hakuna aliyekuwa na haraka. Nikaufunga mdomo nikarudi kwenye gari. Ulikuwa kazini.

Baba yako,
Abdulsalam